Tulivyompeleka Kemilembe Kuiona Bahari

Wenzangu wa kwaya, na majirani wa Mabira mnaonisimamisha njiani kila siku, nimechoka kusimulia huku nimebeba jembe begani. Nikifika katikati, mmoja anaondoka na mwingine anafika, naanza upya. Adelina, mke wangu, anasema kila nikianza upya bahari inazidi kuwa kubwa. Basi nimeandika. Mimi ni mtu wa darasa la saba, na daftari nililokuwa nalo njiani lililowa mara mbili, kwa hiyo mahali pengine nimetegemea kukumbuka tu. Nimemsomea Adelina yote. Alipokataa, nimeandika na kukataa kwake.

Habari za karatasi za kusafiria naziruka. Ya nauli pia naiacha, yule ndama mlimwona akiondoka.

Mnajua kwamba binti yetu Kemilembe alizaliwa mimba ikiwa na miezi saba. Mnajua pia aliyemwokoa ni mama yangu. Alimzungushia pamba na blanketi, akakaa naye karibu na moto wiki baada ya wiki, na tangu siku hizo mtoto hakuwahi kuwekwa chini. Alikuwa wa mgongoni, wa mapajani, wa kitandani. Mama alisema baridi ya ardhi humpanda mtoto kama huyu mpaka kifuani. Hata alipofika miezi kumi, mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo kama ya mtoto wa tajiri, alikuwa hajagusa nyasi tunazotandika sakafuni.

Ndipo ikaja barua ya Paskazia, dada yake Adelina aliyeolewa Mombasa. Mumewe, Katana, ni mtunza bustani wa hoteli moja iliyo ufukweni kabisa. Msimu wa mvua wageni hawaji, na meneja alikuwa amemruhusu atuweke chumba kimoja cha nyuma kwa siku saba. Adelina alikuwa hajamwona dada yake kwa miaka tisa. Lakini niseme ukweli, aliyetaka zaidi kwenda ni mimi. Shuleni mwalimu wetu aliichora bahari ubaoni kwa chaki ya buluu mpaka chaki ikaisha, akatuambia, "Na hapa bado sijafika katikati." Tangu siku ile sikutulia.

Mama alikataa siku nne. Siku ya tano aliniita jikoni.

"Nendeni," alisema. "Lakini wewe, baba yake, nisikilize. Huyu mtoto nimemjaza kijiko kwa kijiko. Ukimrudisha amepungua, hatatoka tena nyumba hii mpaka nife. Na sitakusamehe haraka."

"Haraka, Mama?"

"Nitakusamehe, mimi ni Mkristo. Lakini si haraka."

Hilo ndilo nililoondoka nalo, nalo lilikuwa zito kuliko mizigo yote.

MABIRA MPAKA MPAKANI

Mizigo yenyewe ilikuwa hivi: begi moja la nguo, gunia lenye mkungu mzima wa ndizi za kupika, na furushi la Mama. Ndizi zilikuwa za Kemilembe, maana mbali na ziwa la mama yake alikuwa hali kitu kingine ila ndizi zilizopondwa na maziwa. Zilikuwa pia za Paskazia, aliyeandika kwamba huota anakula matoke halafu anaamka na hasira. Nilizikata alfajiri ileile, zikiwa bado zinatoa utomvu.

Lori la mazao lilitupakia saa moja asubuhi. Saa tatu lilikwama kwenye tope. Abiria wote tulishuka kusukuma, isipokuwa Adelina na mtoto, na bwana mmoja aliyesema ana mgongo. Baadaye nilimwona akiruka ubavuni mwa lori kama swala, lakini pengine mgongo huuma kwa kusukuma tu. Tulifika Murongo mchana, nimepakaa tope mpaka masikioni, nina furaha kama bwana harusi. Ng'ambo ya mto Kagera kulikuwa na nchi nyingine! Ilifanana na ya kwetu, migomba ileile, lakini niliitazama kwa heshima.

KAHAWA YA MAMA

Hapa naeleza kidogo, maana Paskazia ameomba nakala amsomee mumewe, na watu wa pwani hawajui mambo yetu. Kwetu Karagwe mgeni hapewi kahawa ya kunywa kwanza, hupewa ya kutafuna. Buni huchumwa mbichi, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, hutolewa kwenye kikapu kidogo. Kwenda ukweni bila hiyo ni kwenda mikono mitupu. Basi Mama alikuwa amefunga furushi zima ndani ya majani makavu ya mgomba, akalikaza kwa kamba vizuri mno. Nadhani uzuri wa kufunga ndio uliotuponza.

Mkaguzi alikuwa kijana, mgeni huku kwetu. Alipapasa furushi.

"Hii ni nini?"

"Kahawa," nikasema kwa majivuno. Adelina akaniminya mgongoni, lakini neno lilikwisha toka.

"Kahawa," akarudia polepole. "Unavusha kahawa."

"Si ya kuuza, afande. Ni ya kutafuna."

"Kahawa inatafunwa?"

"Inatafunwa."

"Mzee, mimi nimetoka Singida, lakini si mtoto mdogo. Kahawa inanywewa."

Na ninyi mnajua mambo yalivyo. Kahawa ni ya kuuza chama cha ushirika tu, na kuivusha mto ni magendo, watu wamefungwa kwa hilo. Yeye aliona nimebeba mfano wa kuwaonyesha wanunuzi wa ng'ambo. Nikaona njia rahisi ni kumwonyesha. Nikafungua, nikachukua punje tatu, nikatafuna mbele yake.

Akaruka. "Sasa unakula ushahidi!"

Tukaambiwa tusubiri mkubwa wake, na mkubwa alikuwa amekwenda Kayanga, atarudi kesho. Nilihesabu siku saba za Mombasa moyoni nikaona mojawapo inaanguka mtoni. Lakini sitaki kumsema vibaya yule kijana. Jioni alikuja mwenyewe na chupa ya maziwa ya moto kwa ajili ya mtoto, akampa Adelina chumba chake, akaenda kulala kwa rafiki yake. Mimi ningekuwa yeye, sijui kama ningefanya hivyo kwa mtu ninayemdhani mwizi.

Asubuhi mkubwa alifika, mtu wa Muleba, mkoani kwetu. Aliangalia furushi, akaangalia kijana wake, akaingiza vidole akachukua punje, akatupa mdomoni. Alitafuna huku amefumba macho.

"Nani kazikausha hizi?"

"Mama yangu, mzee."

"Mpe shikamoo yangu." Akamgeukia kijana. "Bwana mdogo, ukikamata watu kwa hii, mkoa huu hakuna mtu ataoa."

Kijana alicheka, na akaionja pia. Akaitema. Tukaachana kwa amani. Ila gunia la ndizi lilikuwa limeachwa juani tangu jana yake nyuma ya ofisi, na hakuna aliyelikumbuka, hata mimi.

MBARARA NA KAMPALA

Adelina haelewani na gari. Likianza kwenda, yeye anaanza kutapika. Anasema niandike kwamba alitapika mara mbili tu. Mimi nilihesabu nne. Kwa hiyo kutoka mpakani mtoto alikuwa wangu, nimemfunga mgongoni kwa kitenge, na kwenye basi la Mbarara nikawa sinema ya bure.

Lugha ya kule na Kinyambo chetu ni ndugu, tunasikilizana bila shida. Mama mmoja mnene akanisalimia, "Agandi," nikamjibu. Akaniuliza, "Mama wa mtoto amefariki?"

"Hapana. Ndiye yule anayetapika."

"Basi wewe ndiye unayenyonyesha?"

Basi zima likaangua kicheko. Adelina mwenyewe, na ugonjwa wake, alicheka. Yule mama akamchukua Kemilembe, akampakata mpaka Mbarara, na tuliposhuka akatupeleka kwa mpishi anayemfahamu. Nikatoa ndizi nne guniani nikaomba tupikiwe za mtoto.

Mpishi alizishika kama mtu aliyepewa mawe. "Mmetembea na matoke kutoka kwenu kuja Mbarara? Kwani mlisikia huku tunakula nini?"

Alizimenya huku akicheka. Lakini Kemilembe alikula akamaliza, akalamba kijiko, na mimi nikasema moyoni: Mama, unaona?

Kampala Kinyambo kilikwisha. Nilimsemesha mtu, akanijibu Kiganda kwa upole mrefu, tukapeana mikono, tukaachana kila mtu na lake. Tulikuwa tumetafuta basi la Nairobi saa mbili nzima, kumbe tumesimama kando yake.

NAIROBI NA GARI LA MOSHI

Nairobi ilikuwa na baridi kama ya kwetu mwezi wa saba. Nilisikia sauti ya Mama kila pembe. Tukamvika Kemilembe kila kilichokuwemo kwenye begi: sweta mbili, kofia ya sufu, soksi juu ya soksi, na blanketi. Mahali pa kupika ndizi hapakuwepo. Tulimnunulia uji kwenye kibanda, akaupuliza wote kwenye shati langu. Nilisema ni uchovu. Adelina alimpapasa mtoto tumbo, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Tulipanda gari la moshi la Mombasa jioni, daraja la tatu. Usiku nililala nimekaa, sina la kusimulia. Kulipokucha, hewa ilikuwa imebadilika. Ilikuwa nzito, yenye joto, kama mtu amefunua sufuria. Nje minazi imesimama, shingo ndefu, kichwa kidogo. Nilimwamsha Adelina kwa kelele hata akaniomba nisitie aibu.

Mtoto alikuwa anatiririka jasho. Adelina akaanza kumvua: blanketi, kofia, sweta, sweta nyingine, soksi, soksi. Mbele yetu alikaa bibi mmoja wa Kikamba na kuku wake kapuni, akitazama tu. Mwishowe akauliza, "Mama, una hakika kuna mtoto ndani?"

Alikuwemo, amevaa nepi, anacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mwanangu akiwa na nepi tu nje ya chumba cha Mama.

MOMBASA

Paskazia alitupokea stesheni. Sitaandika jinsi ndugu wawili walivyoshikana, sina maneno ya kutosha, na walilia hata mchukuzi wa mizigo naye akageuka pembeni. Katana ni mtu mrefu, mpole, mwenye maneno ya kuchekesha. Aliniita "mwanyumba", ndivyo waume wa ndugu wawili wanavyoitana huko. Furushi la Mama alilipokea kwa mikono miwili, akatafuna punje moja hadi mwisho bila kukunja uso. Huyo ndiye mtu mwenye adabu kuliko wote niliowaona safarini.

Chumba chetu kilikuwa na kitanda, chandarua na dirisha. Kupitia dirisha, zaidi ya ua wa michongoma, kulikuwa na kitu cha buluu kinachotembea. Nilisimama pale. Nilitaka kukimbia saa ileile. Lakini Paskazia alikuwa amefungua gunia la ndizi, na akaita, "Mungu wangu!"

Zilikuwa zimeiva. Mkungu mzima, manjano na madoa, nyingine zimepasuka. Jua la mpakani lilizianzisha, joto la mabasi likazimaliza. Paskazia alikaa chini na ndizi moja mkononi, akacheka mpaka machozi, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko. Katana aliwagawia wafanyakazi wenzake, na kwa haki niseme walizisifu.

Kemilembe hakuzitaka. Tukamnunulia ndizi mbichi za sokoni, kubwa zenye kona, wanaziita mkono wa tembo. Zikapikwa vizuri, akazitema. Uji akatema. Viazi akatema. Ziwa alinyonya, lakini Adelina naye kwa kutapika na joto alikuwa amekauka, na mtoto aliliacha akilia. Siku ya kwanza ikapita hivyo. Siku ya pili ikapita hivyo. Nilimwinua nikahisi, au nilidhani nahisi, kwamba mikunjo ya mikono imelegea. Mwalimu wangu na chaki yake, nilimlaumu bure.

Asubuhi ya siku ya tatu Adelina alikaa kitandani akasema, "Baba Kemi, turudi. Kesho."

"Turudi," nikasema. Niliona haya kuongeza, lakini nikaongeza: "Naomba tu nimchovye miguu leo. Umbali wote huu, asikose hata hilo."

Akainuka kutafuta kanga. "Wewe unataka kuchovya miguu yako."

Ilikuwa kweli.

MCHANGANI

Tulikwenda wote, maji yakiwa yamerudi nyuma na kuacha mchanga. Rafiki zangu, sitaweza. Mwalimu hakudanganya. Ziwa la kwetu lina ng'ambo, hata likiwa kubwa unajua ng'ambo ipo. Hii haina. Inakuja, inarudi, inanguruma, na mwisho wake ni mbingu. Nilipiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Katana akasema, "Mwanyumba, taratibu, itasikia ikimbie."

Nilikuwa nimempakata Kemilembe. Akajinyonga mikononi mwangu kuelekea maji.

"Mtie chini basi," Katana akasema.

"Chini wapi?"

"Hapo. Mchangani."

Mimi na Adelina tulitazamana. "Huyu hakai chini," Adelina akaeleza. "Bibi yake amekataza. Ana miezi kumi, hajakaa chini hata siku moja."

Jirani yao mmoja, mama aliyekuwa akiokota kombe za baharini karibu yetu, akainuka. "Hajagusa ardhi? Ni mtoto ama ni ndege?"

"Ardhi ina baridi," nikasema, na palepale nikahisi mchanga unavyonichoma nyayo. Ulikuwa moto kama jivu la asubuhi. Nikainama nikaupapasa kwa kiganja. Nikaupapasa tena mahali pengine. Adelina akafumba macho akasema, "Mimi sijaona kitu." Anasema hakusema hivyo. Alisema.

Nikamweka.

Kemilembe alishika mchanga, akautazama ukimtoka kati ya vidole. Akautia mdomoni, akakunja uso, akatia mwingine. Kisha akaanguka kwa tumbo, nikaruka kumwinua, Katana akanishika mkono: "Ngoja." Matako yakainuka. Magoti yakaingia chini. Akayumba mbele na nyuma kama gari lililokwama kwenye tope, halafu mkono mmoja ukaenda mbele, na mwingine, na mtoto wetu wa pamba na blanketi akaondoka. Hakugeuka hata kutuangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye maji.

"Anatambaa!" Paskazia akapiga vigelegele. Yule mama wa kombe akaitikia. Adelina alikuwa anakimbia mbele yake huku akirudi nyuma, mikono imepanuliwa, analia na kucheka. Wimbi dogo likaja likampiga Kemilembe usoni. Nikafikiri basi, tumekwisha. Alikohoa, akatoa ulimi kwa ile chumvi, akapiga maji kwa kiganja kana kwamba ana kesi nayo, akacheka kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia nyumbani.

Alitambaa mpaka maji yakajaa tena. Kila tulipomwinua alilia, tukimweka ananyamaza.

Mchana Katana alikaa jamvini na sahani ya wali wa nazi na samaki. Kemilembe akatambaa mpaka kwake, akaingiza mkono wote ndani ya wali, akapeleka mdomoni. Sote tuliacha kutafuna. Akameza. Akarudisha mkono. Katana hakuthubutu kusogea, alishika sahani tu kama mtumishi wa mfalme, mpaka upande mmoja wote ulipokwisha.

Sijui ilikuwa nini. Adelina anasema ni njaa tu. Paskazia anasema ni nazi. Mimi nadhani ni ile kazi ya kutambaa, lakini siwezi kuapa. Nasema tu kwamba kesho yake hatukuondoka. Tulimaliza siku zetu zote zilizobaki, na kila siku nilikwenda mchangani nikakaa nikatazama, mwanangu ananizunguka, na sikuwa na la kuomba zaidi.

NYUMBANI

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kama ya kwenda, ila hatukubeba ndizi. Mpakani yule kijana wa Singida alitutambua. Aliuliza kama tumemletea kahawa ya kunywa.

Mama alikuwa amekaa sakafuni, kwenye nyasi mpya, miguu ameinyoosha. Nadhani alisikia lori tangu mbali akajiweka hivyo makusudi, kama hakimu. Tukampa shikamoo. Akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Alimwinua juu mara moja, mara mbili. Akamgeuza, akabana paja lake kwa vidole viwili.

"Amepungua."

Adelina alinitazama. Ningeweza kusema ni safari, au ni nguo, maana aliondoka na nyingi. "Amepungua, Mama," nikasema. "Ndizi ziliiva, siku mbili hakula. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeitaka bahari. Na kuna jingine. Nilimweka chini."

Mama akainua nyayo za mtoto akazitazama. Tulisikia kuku nje. Kemilembe akaweka viganja viwili kifuani mwa bibi yake akaanza kumsukuma, ananung'unika, anachungulia nyasi.

"Anataka nini?" Mama akauliza.

"Anataka chini, Mama."

Alimkaza. Mtoto akasukuma zaidi, akawa mwekundu wa macho. Wakashindana hivyo, bibi na mjukuu, na nilimwona Mama anahisi nguvu ya ile mikono, kwa sababu uso wake ulibadilika. Polepole akalegeza. Akaweka kwanza kiganja chake juu ya nyasi, kama mimi nilivyofanya kule, halafu akamwacha.

Kemilembe aliondoka kama risasi. Akavuka sebule, akapanda kizingiti, akatua uani kwa kichwa, akainuka bila kulia, akawafuata kuku. Mama, ambaye mnajua huinuka kwa kushika ukuta, sikumwona akishika ukuta. Alikuwa tayari mlangoni, kanga inaburuta.

"Kemi! We Kemi! Acha mavi ya kuku! Adelina, mshike! Jamani, mtoto huyu ana mbio za nani?"

Adelina anasema nilicheka. Nilicheka.

Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Mmeniuliza kama Mama amenisamehe. Ningependa kuwajibu, lakini sijapata nafasi ya kumuuliza. Kutwa nzima anakimbia.